Siku Mwalimu wa Kiingereza Alipovuka Kizingiti

Kuna maneno matatu ya Kiingereza ambayo siyapendi mpaka leo, na sitajilazimisha kuyapenda. Ni vijineno tu, havijazi hata kinywa: "in", "on" na "at". Wajukuu zangu wanavitumia kwenye kazi zao za shule, na wakikosea wanacheka. Mimi sicheki. Nilivisikia vijineno hivyo siku baada ya siku nikiwa nimeketi gizani nyuma ya kiambaza cha udongo, wala sikuwa mwanafunzi. Aliyefundishwa alikuwa kaka yangu, na aliyefundisha alikuwa mtu ambaye, kama angeanguka mtoni mbele ya macho yangu, ningeendelea kusuka mkeka.

Nilikuwa mwali. Kwetu milimani Uluguru msichana akishakua huwekwa ndani mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma, na wakati ule watu hawakuwa na mchezo. Unakaa mpaka mavuno yaje, jua unaliona kwenye nyufa za mlango tu. Mama yangu alikuwa amekwisha fariki, kwa hiyo aliyenichunga alikuwa bibi, mama yake mama. Yeye ndiye aliyeniletea chakula, yeye ndiye aliyenifunda, na yeye ndiye aliyenifokea ukindu wa mkeka wangu ukilegea. Mwanamume hakuvuka kizingiti cha nyumba ile. Si kaka, si hata mjomba, ambaye alikuwa mtoto wa bibi na mkubwa wetu sote. Mjomba akiwa na neno alikohoa mlangoni, akageuza uso kuangalia bonde, akasema alichokuja kusema, akaondoka. Mwali naye hasemi na wanaume. Neno langu likihitajika nje, bibi alilichukua kinywani mwangu akalipeleka, na bibi akishalipeleka hakuna aliyeongeza lingine.

Huo ulikuwa wakati wa Mdachi, yaani Mjerumani. Reli ilikuwa imekwisha fika Morogoro mjini, chini yetu, na askari walikuwa wakipanda mlimani kutafuta kodi, na asiyekuwa na kodi alishuka nao kwenda kutengeneza barabara. Kaka yangu alishuka nao mara moja. Huko alijibu jambo ambalo hakupaswa kujibu, akalazwa chini akapigwa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano, na bibi ndiye aliyemkanda mgongo aliporudi. Tangu hapo akawa na wazo moja tu kichwani: Unguja. Unguja alikuwako Mwingereza, na kaka alisikia kwamba kijana anayejua Kiingereza huko hufanya kazi kwenye nyumba za maana na hula wali kila siku. Vijana wengine walikihangaikia Kijerumani mjini. Yeye hakutaka hata kuisikia salamu yake.

Mjomba akamtafutia mwalimu. Alikuwa mtu wa pwani, amelelewa na wamisionari wa Kiingereza huko huko pwani, kisha akawa karani wa vibarua kwenye reli, kisha kazi ikamtoka kwa sababu ambayo kila alipoieleza ilikuwa nyingine. Alikuwa na viatu, koti, na fimbo nyembamba ambayo hakuiacha hata wakati wa kula. Alikubali kupanda mlimani kwa malipo ya kula na kulala, na kula kweli alikula. Majogoo wa bibi waliisha mmoja mmoja.

Siku ya kwanza alisimama uani akingoja bibi amwamkie. Bibi naye akangoja. Kutoka ndani nilisikia kimya kile kikirefuka mpaka mjomba akaona haya.

"Mwalimu, huyu ni mama yangu mzazi," alisema.

"Shikamoo, bibi," mwalimu akasema, kwa sauti ya mtu anayelipa kodi.

"Marahaba, mwanangu. Hebu ondoa hivyo viatu, umenikanyagia mbegu."

Nilicheka peke yangu kule gizani. Kicheko hicho hakikurudi tena kwa muda mrefu.

Masomo yalikuwa upenuni, kwenye kivuli, kaka akiegemea kwa nje kiambaza kile kile nilichokiegemea mimi kwa ndani. Ini, oni, eti. Mwanzo nilidhani mtu anaagiza nyama. Polepole nikaelewa kwamba walikuwa wakizungumzia mahali. Mtu akiwa katika nchi fulani, ni "in". Akiwa sokoni, ni "at". Akisafiri kwa gari moshi, eti ni "on", ingawa juu ya gari moshi hakai mtu mwenye akili zake. Ndege akitua mtini anakuwa "in" mti ule, lakini tunda la mti huo huo linakuwa "on". Kaka aliuliza kwa nini isiwe kinyume chake, maana ndege ndiye aliyekaa juu ya tawi na tunda limejificha kwenye majani. Lilikuwa swali la mtu anayefikiri. Alijibiwa kwa fimbo.

Nilisikia fimbo ile mara nyingi. Ilimpiga kwenye vidole, na kila ilipompiga kaka alisema, "Ndiyo, mwalimu." Alikuwa ametoka kwenye kiboko cha Mdachi akaenda kumlisha kuku mtu wa kumpiga nyumbani kwake mwenyewe. Nilimwonea huruma, na huruma hiyo ikawa inachacha kila siku ndani yangu.

Alipochoka kumpiga mwanafunzi, mwalimu aliipiga lugha yetu.

"Ninyi mna neno moja la uvivu," alisema. "Mnabandika 'ni' mwishoni mnadhani mmemaliza. Nyumbani, mlangoni, mtini, sokoni. Mzungu anataka kujua hasa mtu yuko wapi. Ninyi wenyewe hamjui mko wapi."

"Ndiyo, mwalimu," alisema kaka.

Hapo ndipo nilipomchukia mwalimu yule hasa, kwa sababu alikuwa anadanganya kwa lugha ile ile aliyoitukana. Yupo mlangoni, ninamwona. Yuko Mkuyuni, kijiji cha pili, simwoni. Yumo ndani, kuta zimemzunguka. Mtoto anayeanza kutembea hakosei hapo. Sisi tunajua vizuri mtu yuko wapi, na tulikuwa tunajua zaidi zamani zile, kwa kuwa kulikuwa na mahali pa kusimama na mahali pa kutosimama. Nilitaka kumpigia kelele nimwambie hayo. Lakini mwali hapigi kelele, nikang'ata ukindu.

Sasa niseme juu ya shamba, maana bila shamba haya mengine ni porojo. Mama aliniachia shamba bondeni, chini kidogo ya nyumba, lenye maji mwaka mzima. Kwetu ardhi inapita upande wa mama, na mume ndiye anayekuja kwa mkewe, analima pale mkewe alipo. Nilikuwa nimekwisha lipanga shamba lile kichwani, maharage yawe wapi, migomba iwe wapi. Kule gizani hilo ndilo nililokuwa nikilitazama. Kutolewa kwangu kulikuwa na maana moja: kushuka bondeni na jembe langu.

Siku yenyewe bibi alikuwa amesiriba sakafu asubuhi kwa udongo mwekundu. Aliniketisha kwenye kona iliyo kavu, akaniambia nisikanyage, akashuka mtoni kuosha vyombo. Mjomba alikuwa shambani. Nje, kaka alikuwa amekwama tena. Aliulizwa mtu aliyesimama mlangoni yuko wapi, akasema "in". Fimbo ikalia. Akaulizwa tena, akasema "on". Ikalia tena.

"Kaa hapo hapo uangalie," mwalimu akasema. "Kwa maneno huelewi. Nitakuonyesha kwa miguu yangu."

Kupitia ufa nikaona koti lake likija. Alisimama mbele ya mlango wetu akagonga nguzo kwa fimbo.

"Mimi ni 'at' nyumba. Umeona?"

"Ndiyo, mwalimu."

Akapanda juu ya kizingiti. "Sasa mimi ni 'on' kizingiti."

"Mwalimu," kaka akaanza.

"Nyamaza! Sasa angalia vizuri."

Akausukuma mlango kwa fimbo, akainama, akaingia.

"Mimi ni 'in' nyumba."

Nilikuwa kichwa wazi, miguu nimeinyoosha, kipande cha ukindu kimening'inia mdomoni. Nilivuta kaniki yangu nikajifunika, lakini nilikuwa nimechelewa. Yeye alisimama macho yake yazoee giza, kisha akaniona. Nilingoja aone aibu. Mtu yeyote aliyezaliwa na mwanamke angeona aibu, angegeuka, angekimbia. Yeye aliinua fimbo akaninyooshea, jinsi mtu anavyoonyesha chungu kwenye kona, akasema kwa kuelekea nje:

"Na dada yako naye ni 'in' nyumba. Umeelewa sasa?"

Nilimngoja kaka yangu. Nilingoja apige kelele, amvute koti, amtukane, arushe hata jiwe.

"Ndiyo, mwalimu," kaka akasema. "Nimeelewa."

Mwalimu akatoka, somo likaendelea.

Sikulia. Kati ya mlango na mimi, kwenye udongo ule mbichi, zilikuwapo alama za viatu, nzito na wazi, na mlimani kwetu pote hapakuwa na mtu mwingine mwenye viatu.

Bibi aliporudi aliziona kabla hajatua vyombo. Hakuniuliza kitu. Alirudi nje akapiga ukelele ambao nadhani ulisikika hadi mjini, na kabla jua halijageuka mjomba alikuwa amekwisha rudi, na wazee wawili wa ukoo wetu walikuwa wameketi uani. Niliegemea kiambaza nikasikiliza.

Walimwambia mwalimu kosa lake. Mwanamume aliyevuka kizingiti cha nyumba ya mwali hutoa mbuzi, humwomba radhi mlezi wa mwali mbele ya watu, kisha huondoka mlimani. Mwalimu hakuwa na mbuzi, wala hakuwa na nia ya kumwomba bibi kizee chochote.

"Sikuingia," alisema. "Nilikuwa 'at'. Mlangoni. Ninaifundisha tofauti hiyo kila siku, nitakosaje kuijua?"

Basi mjomba akakohoa. Akasema iko njia nyingine. Mtu aliyemwona mwali kabla ya siku yake, akasema, anaweza kumchukua akawa mke wake, na mambo yakaisha kwa heshima.

"Desturi hiyo umeiokota wapi?" bibi akamuuliza.

"Dunia imebadilika, mama."

Ilikuwa imebadilika kwa faida yake. Alitaka mkwe mwenye viatu, anayeweza kusimama mbele ya askari akasema maneno ya kizungu. Na mwalimu alipouliza kama akinichukua atalazimika kuishi mlimani, maana yeye halimi, mjomba alijibu upesi mno.

"Hapana. Utashuka naye Unguja. Shamba nitalitunza mimi."

Nililisikia neno "shamba" likitoka kinywani mwake, na nikaelewa yote. Mbuzi mmoja hakumtosha. Alitaka bonde la mama yangu, na mimi nilikuwa kizuizi kilichohitaji kusafirishwa kwa gari moshi.

Nikamsikia mwalimu akisafisha koo, na sauti yake ilipotoka ilikuwa laini.

"Kwa kweli, nikikumbuka vizuri, niliingia. Nilikuwa 'in'. 'In' kabisa."

"Sasa hivi tu ulikuwa mlangoni," mzee mmoja akasema.

"Mlinielewa vibaya, baba. Kiswahili kina tabu."

Mtu aliyempiga kaka yangu vidole kwa ajili ya kijineno hicho alikigeuza mwenyewe mbele ya watu bila hata kupepesa. Wakamuuliza kaka. Kaka akasema mwalimu aliingia, yeye alimwona kwa macho yake. Ulikuwa ukweli, siwezi kuukana. Lakini kabla hajausema nilisikia mwalimu akimnong'oneza upenuni, pale pale nyuma ya mgongo wangu, kwamba shemeji hawezi kuachwa nyuma, naye atakwenda Unguja.

Likabaki neno la mwali. Bibi akaingia, akafunga mlango, akachuchumaa mbele yangu. Alama za viatu zilikuwa kati yetu.

"Sema," alininong'oneza.

"Nikisema aliingia?"

"Unakwenda. Mwanangu amekwisha kata shauri, na wale wazee wanachoka."

"Nikisema hakuingia?"

"Anaondoka hivi hivi. Hata mbuzi hatoi. Hata mimi haniombi radhi."

Nilitaka atoe mbuzi. Nilitaka apige magoti uani mbele ya bibi yangu, na fimbo ile ivunjwe mbele yake. Nilikuwa na haki ya hayo yote, na hakuna hata moja ambalo ningelipata bila mimi mwenyewe kutupwa juu yake kama nyongeza. Nimeishi miaka mingi tangu siku hiyo, na sijawahi kukasirika kama nilivyokasirika nikichagua.

"Alikuwa mlangoni," nikasema.

Bibi alinitazama. Alikuwa mwanamke ambaye hajapata kuniachia uongo wangu hata mmoja, tangu utotoni alikuwa akiniadhibu kwa uongo wa kipande cha muhogo. Akatazama alama. Akanitazama tena. Nikaukunjua mkeka niliokuwa nikiusuka, na pindo zake hazijafungwa, nikautandaza juu ya udongo mbichi mpaka ukazifunika zote. Bibi akainuka akatoka.

"Mwali anasema mtu huyu hakuingia," aliwaambia. "Alisimama mlangoni."

"Uongo!" mjomba akapaza sauti. "Wewe mwenyewe ulipiga ukelele!"

"Nilipiga kwa kuwa alisimama mlangoni kwa mwali. Kwako wewe hilo ni dogo?"

"Viatu vyake vitakuwa vimeacha alama. Nitaingia niangalie mwenyewe."

Nikasikia nyayo zake zikija kwa kishindo. Nilijifunika kaniki yote, nikabaki nikiangalia kwa chini, na nikaona vidole vya miguu yake vikifika kwenye kizingiti. Kule nyuma mmoja wa wazee akasema, taratibu, kama mtu anayeuliza habari za mvua:

"Ingia basi. Lakini ukitoka, tukuhukumu kwa lipi?"

Vidole vikasimama.

"Vuka," bibi akamwambia mwanawe.

Hakuvuka. Hakuna mwanamume kati yao aliyeweza kuvuka kwenda kuona kama mwanamume alivuka, na bibi, aliyeweza kuingia, alikuwa amekwisha sema. Vidole vile vikageuka. Wazee wakaamua papo hapo: hakuna mbuzi, hakuna mke, mgeni afunge mzigo wake.

Watu waliokuja kuisikia habari hii baadaye huniambia nilishinda. Sikushinda kitu. Mwalimu yule aliondoka na ngozi yake nzima na majogoo wa bibi yangu tumboni, na nina hakika alikwenda kuwasimulia wenzake pwani juu ya washenzi wa mlimani. Hakuna aliyemwambia mbele ya uso wake kwamba alifanya kosa. Mjomba naye hakucheza kwenye ngoma yangu ya kutolewa. Hakuitikia shikamoo yangu siku hiyo, wala mwaka uliofuata, wala mpaka anakufa, na alipokufa nilipika chakula cha matanga kama wengine, lakini machozi sikutoa. Shamba nililima. Maharage yalikaa pale nilipopanga yakae, na wanangu wote wamekula kutoka bonde lile.

Kilichobaki ni kaka. Asubuhi waliyoondoka yeye na mwalimu, bibi akiwa kisimani, nilimsikia akija upenuni. Aliketi. Akazungumza na ukuta, kwa sauti ya chini yenye hasira.

"Umenitia aibu mbele ya mwalimu wangu. Unajua kabisa aliingia. Mimi nilimwona. Kwa nini umesema uongo?"

Mwali hasemi na wanaume. Nilikuwa nimeishika sheria hiyo tangu siku niliyowekwa ndani, hata siku ile fimbo iliponinyooshewa, na ningeweza kuishika mpaka mwisho. Niliweka mdomo wangu karibu na udongo wa kiambaza.

"Ulimwona akiingia," nikamwambia, "na ulikaa."

Nilimsikia akipumua, karibu sana, upande wa pili wa udongo. Kisha mwalimu akamwita kutoka njiani, mara moja tu, na kaka yangu akasema, "Ndiyo, mwalimu," akainuka, akajitwika sanduku la mtu yule kichwani, wakashuka.